Hatari ya karbamazepini haisomeki usoni mwa mgonjwa

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme neno kuhusu ile "jeni ya Waasia" inayotajwa kwenye kurasa za afya kuwa huwafanya wadhuriwe na dawa ya kifafa. Jeni hiyo ipo na madhara yake ni mazito. Ila ukiiita ya Waasia, utamtisha asiyehusika na kumsahau anayehusika.

Dawa inayosemwa ni karbamazepini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Tegretol. Hutibu kifafa na maumivu makali ya neva ya uso. Kwa watu wachache huleta ugonjwa wa Stevens-Johnson: homa, macho mekundu, koo kuuma, kisha vidonda mdomoni na sehemu za siri, malengelenge, na ngozi kuvuka kama ya mtu aliyeungua kwa maji ya moto. Ngozi iliyobanduka ikizidi asilimia 30 ya mwili, takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu hufariki.

Mwaka 2004 watafiti wa Taiwan waliwapima Wachina wa kabila la Han 44 waliopata ugonjwa huo baada ya kumeza karbamazepini. Wote 44 walikuwa na HLA-B*15:02, ndiyo hiyo jeni inayosemwa. Kati ya wenzao 101 walioitumia bila kudhurika, walikuwa nayo watatu tu. HLA ni protini zinazokaa juu ya seli na kuwaonyesha askari wa mwili kilichomo ndani yake. Karbamazepini hujipachika kwenye protini ya aina hiyo, askari wakaiona seli ya ngozi kuwa ni adui, wakaiua. Nakala moja ya jeni, kutoka kwa baba au mama, inatosha.

Sasa tazama inakopatikana. Taiwan, kusini mwa China, Thailand, Malaysia na Ufilipino ni ya kawaida. Kuna maeneo ambako zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi anayo. Japani na Korea hawafiki asilimia 1, nao pia ni Waasia. Wajapani wanaodhurika na karbamazepini huwa zaidi na HLA-A*31:01, ambayo kipimo cha *15:02 hakiioni kabisa. Wahindi wako katikati, takriban asilimia 2 hadi 4. Kwa hiyo Mtanzania au Mkenya ambaye mababu zake walitoka Bara Hindi anastahili kuulizwa asili yake kabla ya kuandikiwa dawa hii, hata kama pasipoti yake ni ya hapa. Kwa Waafrika *15:02 ni adimu mno.

Faida ya kupima ilionekana Taiwan kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2011. Hospitali 23 zilipima watu 4,877. Asilimia 7.7 walikutwa nayo, hao hawakuanzishiwa karbamazepini. Waliobaki waliitumia, na hakuna hata mmoja aliyepata Stevens-Johnson, ilhali kwa hesabu za miaka ya nyuma wangetarajiwa kama 10. Hapa ndipo wengi hupotoka: kukutwa na jeni si kuhukumiwa. Kwa takwimu hizohizo, kati ya watu 100 wenye jeni ambao wangeimeza dawa, wangeugua kama watatu. Nguvu ya kipimo iko kwenye jibu la "haipo".

Kipimo ni cha mara moja maishani: damu kidogo kwenye kichupa chenye EDTA (kemikali inayozuia damu isigande), au mate. Kifanyike kabla ya kidonge cha kwanza, kwa sababu wengi huugua ndani ya wiki nane za mwanzo. Jibu liwe na tarakimu zote nne. Maabara ikiandika "HLA-B15" pekee, jibu hilo halifai, kwani familia ya B*15 ni kubwa, na *15:03 na *15:10 zimejaa Afrika bila kuwa na hatari hii. Mwafrika atanyimwa dawa nzuri kwa kosa la kusoma karatasi.

Jibu likiwa "ipo", usikimbilie fenitoini, dawa nyingine ya kifafa. Ni jamaa wa karibu wa karbamazepini na jeni hiyohiyo huongeza hatari yake, ingawa si kwa kiasi kilekile. Okskarbazepini nayo ni hivyohivyo. Hong Kong ilijifunza hili kwa gharama. Ilipoweka sharti la kupima mwaka 2008, Stevens-Johnson ya karbamazepini ilikoma, lakini madaktari wengi walikwepa usumbufu wa kusubiri majibu wakaandika dawa nyingine, ikiwemo fenitoini. Wagonjwa wa fenitoini wakaongezeka, na jumla ya waliodhurika haikupungua kwa kiasi cha maana. Sharti lilifuatwa, hatari ikahama chupa. Levetirasetamu au valproeti ni njia salama zaidi kwa upande wa ngozi, ila valproeti isiandikwe ovyo kwa msichana au mwanamke anayeweza kupata mimba, kwa kuwa hudhuru mtoto tumboni.

Aliyekutwa hana jeni naye aambiwe dalili. Vipele vyenye homa, macho mekundu au vidonda mdomoni vikitokea, asimeze dozi inayofuata. Aende hospitali siku hiyohiyo akiwa na pakiti ya dawa mkononi. Ikithibitika, asipewe tena karbamazepini maishani, hata kwa dozi ndogo ya kujaribu.

Na msomaji ambaye ameitumia kwa miezi mingi bila tatizo la ngozi, hata akiwa Mchina wa Guangzhou anayefanya kazi Dar es Salaam, asiiache kwa sababu ya barua hii. Hatari kubwa imeshampita, na kuikatiza dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo lisilokatika.

Wafamasia wawili,
Dar es Salaam