Tafadhali usitanue tundu la dispensa yako ya sukari

Alhamisi iliyopita asubuhi, hatujamaliza hata kupanga vyombo barazani, aliingia mama mmoja mwenye mgahawa karibu na stendi. Ni mteja wetu wa siku nyingi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba ya juu juu, akafungua mkoba na kuweka mezani dispensa ya sukari, kile chombo cha kubonyeza kinachotoa sukari kwa kipimo, tuliyomuuzia mwezi wa pili.

"Mwanangu, chombo chenu hiki mwizi. Mfuko wa kilo 25 nilikuwa naumaliza mwezi mzima. Sasa siku kumi na tano haifiki. Hela zangu nizipate wapi?"

Sikumjibu. Nikaichukua, nikaigeuza, nikachomoa kidroo cha chini. Tundu lilikuwa limetanuliwa kwa msumari wa moto, kingo zake zimeyeyuka na kugeuka nyeusi. Nilipomwonyesha akanyamaza kidogo, kisha akasema kijana wake wa jikoni ndiye aliyefanya hivyo wakati wa masika, kwa sababu sukari ilikuwa haishuki.

Hiyo ni dispensa ya sita kuletwa hapa dukani kwetu Ngamiani, Tanga, mwaka huu ikiwa na tundu la msumari, na kila mwenye nayo alikuja na neno hilohilo: mmetupunja. Wengine wanalisema mtaani kabla hawajalileta dukani, na hilo linatuumiza. Kwa hiyo leo nataka nieleze chombo hiki kinafanyaje kazi, kwa nini kinagoma, na kwa nini msumari wa moto ni hasara kuliko bei yote ya kukitengeneza.

Dispensa ya kubonyeza ina tumbo la juu linalokaa sukari, na chini yake kidroo kinachoteleza mbele na nyuma kwa springi. Ndani ya kidroo kuna tundu, na tundu hilo ndilo kipimo chenyewe. Kidroo kikikaa nyuma, tundu linatazama juu na sukari inaingia kwa uzito wake. Ukibonyeza, kidroo kinakwenda mbele, kinaziba sukari ya juu kwanza, ndipo tundu linafika kwenye mdomo na kumwaga. Hizi tunazouza sana tundu lake lina upana wa milimita 20 na kina cha milimita 16. Ujazo huo ni mililita 5, kijiko kimoja cha chai cha mfuto, yaani kisicho na mlima. Kwa sukari kavu unapata gramu 4 na pointi kidogo.

Sasa tazama msumari unafanya nini. Tundu la mama yule lilikuwa limefika milimita 24. Ni milimita 2 tu kila upande, mtu kwa macho anaona hakuna kitu. Lakini ujazo umepanda kutoka mililita 5 hadi zaidi ya 7, karibu nusu ya kipimo imeongezeka. Halafu kuna ubaya wa pili: tundu likiwa pana linaanza kufunguka chini kabla halijazibwa juu, kwa hiyo kila unapobonyeza sukari inapita moja kwa moja kama maji ya bomba bovu. Tuliweka kwenye mizani mbele yake, mibonyezo kumi. Wastani ulikuja gramu 7.

Yeye anauza vikombe 120 kwa siku, kila kikombe mibonyezo miwili. Zamani ilikuwa kilo moja ya sukari kwa siku. Kwa tundu lile jipya ni kilo moja na gramu 680. Kilo ikiwa shilingi 3,000, anamwaga zaidi ya shilingi 2,000 kila siku, na kwa siku 26 za kazi inapita 52,000. Dispensa yenyewe alinunua 18,000. Kuisafisha na kuirekebisha pale ilipoanza kugoma kungemgharimu 5,000. Na wateja walikuwa wamelalamika chai imekuwa tamu kupita kiasi, akadhani kijana anabonyeza mara tatu. Alimgombeza bure.

Tatizo la mwanzo, lile lililomfanya kijana achukue msumari, lilikuwa la kweli, na sitaki mtu afikiri tunalikataa. Sukari inavuta unyevu. Sukari safi kabisa huanza kulowa hewa ikiwa na unyevunyevu wa asilimia 85 hivi, na hapa Tanga asubuhi za masika hewa inapita hapo bila shida. Sukari yetu ya rangi ya kahawia inawahi zaidi, kwa kuwa punje zake zimebaki na utando mwembamba wa molasi, na molasi inakunywa maji kabla ya sukari yenyewe. Mchana jua likitoka, ule unyevu unakauka na punje zinagandana. Usiku zinalowa tena. Siku nne tano hivi, juu ya kidroo inajengeka daraja: sukari ya juu imeshikana na kusimama, chini yake patupu. Unabonyeza, kidroo kinakwenda na kurudi, hakuna kinachoshuka, au kinashuka kipimo nusu. Hapo ndipo mtu anaposema chombo kinapunja. Tuna wateja Dodoma, kwenye hewa kavu, wenye dispensa ya aina hiyohiyo na hawajawahi kutupigia simu juu ya jambo hili.

Lakini kwenye migahawa, mara nyingi hata si hewa ya masika. Ni mvuke. Mtu anashika dispensa juu ya kikombe cha chai inayofuka, anabonyeza, anaiacha hapo anaongea na mteja. Mvuke unapanda mdomoni na kuingia kwenye kidroo. Sukari iliyobaki kingoni inageuka shira, shira ikipoa inakuwa gundi. Tulipofungua ya mama yule, upande wa mbele wa kidroo ulikuwa na ukoko mgumu kama kashata. Dawa yake ni kubonyeza kwenye kikombe kikavu kwanza, kisha umimine chai. Wenye haraka hawapendi kuambiwa hivyo, ila hakuna njia nyingine.

Halafu kuna mchele. Mtu ameona punje za mchele kwenye kichupa cha chumvi cha bibi yake, anazitia na kwenye dispensa. Kwenye kichupa cha chumvi hakuna kinachoteleza, mchele unakaa na kunyonya maji yake taratibu. Kwenye dispensa punje moja ikiingia kati ya kidroo na njia yake, unabonyeza kwa nguvu, inavunjika na kukwaruza plastiki, na sukari ikishaingia kwenye mkwaruzo huo haitoki tena. Mwaka juzi kaka mmoja wa Chumbageni alituletea kidroo kilichochanika namna hiyo mara mbili ndani ya miezi mitatu. Mara ya pili tulimbadilishia kidroo bila kumtoza pesa ya kazi, kwa sharti mchele ubaki jikoni.

Mafuta ya kupikia nayo tusahau. Yanalainisha siku mbili, ya tatu yanashika sukari, na baada ya wiki mbili yanachacha na chai inanuka. Maji ya moto yanapinda kidroo. Kuosha kisha kujaza sukari kabla hakijakauka sawasawa ni kujitengenezea lile daraja mwenyewe.

Tunaulizwa sana kwa nini tuuze 18,000 wakati barabarani kuna kinachofanana kwa 9,000. Kinafanana, ndiyo, na pengine kimetoka kwenye kontena moja. Tofauti ni kinachofanyika baada ya kufika. Sisi kila kimoja tunakifungua. Kingo za kidroo zinatoka kiwandani na mabaki ya plastiki, tunazipiga msasa laini mpaka kiteleze kwa kidole kimoja. Springi za chuma cha kawaida tunazitoa, tunaweka zisizoshika kutu. Kisha tunajaza sukari na kupima mibonyezo ishirini kwenye mizani, na vinavyopishana zaidi ya nusu gramu haviingii kwenye rafu. Katika boksi la mwisho la vipande 48 tuliweka kando 7. Hasara ya hivyo saba inabebwa na vile vingine. Baba yangu alikuwa fundi mizani, na alinifundisha kwamba kitu cha kupimia kikiwa na kasoro kinamwibia mtu kila siku bila yeye kujua. Siwezi kumuuzia mtu kitu hicho halafu nikalala.

Na ile 5,000 ya kusafisha, ambayo mzee mmoja aliita "pesa ya kukung'uta sukari", ni kazi ya nusu siku. Kufungua bila kuvunja vishikizo, kuloweka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ukoko uachie, kukausha kwa feni kwa muda wa saa nne au tano, kuangalia springi, kufunga, kupima tena. Tukikuta kuna jambo la kubadilisha tunakuonyesha kwanza.

Wapo pia wanaonunua kwa ajili ya nyumbani, na hao nawapenda kwa sababu wanasikiliza. Wengi wana mgonjwa wa kisukari au wameambiwa na daktari wapunguze. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa ibaki chini ya asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Hiyo ni mibonyezo sita, ukiwa hujanywa soda wala juisi ya dukani. Kijiko hakiwezi kukupa hesabu hiyo. Nimepima mwenyewe nyumbani: kijiko cha chai cha mfuto gramu 4, kikijazwa mlima kinafika 7 na mkono mwingine 8, na wote wawili wanasema "nimetia kijiko kimoja". Binti mmoja alimnunulia baba yake, mzee aliyekuwa anagombana na nyumba nzima kwamba wanamnyima sukari. Alipoona mwenyewe mibonyezo miwili kikombe cha asubuhi na mmoja jioni, ugomvi ukaisha, kwa sababu sasa anahesabu yeye.

Dispensa hupima ujazo, haipimi uzito, kwa hiyo ukibadilisha kitu cha ndani kipimo kimebadilika. Chumvi laini kwenye tundu lilelile inakaribia gramu 6, na chumvi inakula springi yoyote isipokuwa ile isiyoshika kutu. Maziwa ya unga ni mepesi, nayo yana mafuta yanayoshika kuta, hivyo tunayatolea aina nyingine yenye mdomo mpana na ulimi wa kukwangua. Ofisi moja ilichanganya sukari, kahawa na maziwa ya unga kwenye dispensa moja ili warahisishe mambo. Kila mbonyezo unatikisa mchanganyiko, unga mwembamba unapenya kushuka chini na punje kubwa zinabaki juu. Wa asubuhi walikunywa maziwa, wa jioni walikunywa sukari. Walidai tuwarudishie pesa. Hatukurudisha, ila tuliwasafishia bure na kuwauzia ya pili kwa punguzo.

Kuna mambo mawili tunayokataa hata mteja akiongeza pesa. La kwanza ni dispensa ya maziwa ya unga ya watoto wachanga. Kila kopo lina kijiko chake, na vijiko vya kampuni mbalimbali havilingani. Mtoto mchanga hapimiwi kwa kukadiria, na kidroo kina pembe ambazo huwezi kuzisafisha kila mara anapotaka kula. Tumia kijiko kilichomo ndani ya kopo hilohilo. La pili ni mwenye duka anayetaka kuuzia sukari ya rejareja kwa dispensa, mibonyezo kadhaa kwa shilingi mia mbili. Sukari ya kuuza inapimwa kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, yenye stika yake. Dispensa ni ya kutilia kwenye kikombe. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipovuruga uvunaji wa miwa na bei ya sukari ikaruka, tulipata maombi ya namna hiyo karibu kila wiki, na jibu lilikuwa hilohilo.

Mama wa stendi tulimbadilishia kidroo kwa 6,000, kwa kuwa kilichotanuliwa hakijazwi tena. Wapo mafundi wanaokijaza gundi ya plastiki, lakini mimi sitii gundi mahali panapopita chakula. Tulipima mbele yake na sukari aliyokuja nayo mwenyewe: gramu 4.1, 4.3, 4.2. Akazisoma moja moja kwenye mizani, akasema atamwomba radhi yule kijana.

Kama yako imeanza kugoma, ilete kabla hujaigusa na kitu. Usiioshe, usiitikise, usimwage kilichomo ndani. Tunataka kuona sukari imeshikia wapi, maana ukoko wa mbele unatuambia ni mvuke na daraja la juu linatuambia ni hewa, na kila moja lina matengenezo yake. Ongezea na robo kilo ya sukari unayotumia siku zote. Ukifika asubuhi, alasiri unaichukua.