Barua kwa mwanangu: huyo Madoa ni dume au jike?

Mama,

Hatujambo sote, baridi tu. Juni hii ukungu unashuka mpaka mlangoni, na mlima hatujauona wiki ya pili sasa. Video uliyotuma juzi kutoka huko Pennsylvania tumeitazama mara nne pamoja. Mara ya tano niliitazama peke yangu nje kwenye benchi, mpaka mdogo wako akaja kudai simu yake. Nimemwona mjukuu wangu Baraka amelala kwenye kapeti, na huyo mtoto wa kulungu mnayemwita Madoa amemwekea kichwa tumboni, sikio linacheza. Mama yako alicheka hadi akajifuta macho kwa khanga. Mimi niliuliza swali moja tu, ukanijibu kwa kile kikatuni cha kucheka. Nauliza tena: ni dume au jike?

Usiseme baba kazeeka, anaogopa vinyama. Miaka 22 nimepandisha wageni Meru, na nyati tulikuwa tunapishana nao njiani kama watu wa mtaa mmoja. Simwogopi huyo Madoa wa leo, mwenye miguu kama njiti.

Umesema ulimkuta nyuma ya nyumba, kwenye majani marefu, peke yake tangu asubuhi, hasogei, hata ulipomkaribia hakukimbia. Ukamhurumia ukamwingiza ndani. Una huruma, hilo najua ulikolitoa, na si kwangu. Lakini mama, yule hakutupwa. Ndivyo wanavyolelewa. Jike la kulungu humlaza mtoto mafichoni, linakwenda malishoni mbali naye ili adui asifuate harufu yake hadi kwa mtoto, kisha linarudi mara chache kwa siku kumnyonyesha. Mtoto kazi yake ni kulala kimya. Yale madoa meupe ni kama jua linalopenya kwenye majani, ukipita hatua mbili humwoni. Kwa hiyo wewe umekwenda kumwamsha mtoto wa mtu aliyelazwa na mama yake, ukasema yatima.

Mrudishe pale pale ulipomwokota. Leo, ukishasoma. Hayo ya kwamba mama yake akisikia harufu ya binadamu atamkataa ni maneno ya watu, atakuwa bado anazunguka hapo akimtafuta. Na ukiona usiku umepita hajachukuliwa, jimbo lenu lina watu wenye leseni ya kulea wanyama wa porini, wapigie hao. Usimpe tena maziwa ya ng'ombe, atahara mpaka aishe. Na kumfuga ndani ni kosa kisheria huko kwenu, binamu yako wa Philadelphia amenithibitishia. Wewe na makaratasi yako ndiyo kwanza yamekaa sawa.

Habari za Jirani, yule kulungu tuliyemfuga hapa, sirudii, unazijua kuliko mimi, wewe ndiye uliyekuwa unalala naye jikoni. Nitakuambia moja tu ambayo huijui. Jirani naye hakuwa yatima. Nilimkuta amejikunja kwenye magimbi kule chini mtoni, nikazunguka nikitafuta mzoga wa mama yake, sikuuona, nikambeba. Huenda mama yake alikuwa ng'ambo ya mto ananitazama. Nilikuwa nimekuahidi zawadi kutoka mlimani na nilikuwa narudi mikono mitupu. Basi.

Halafu hili jina. Mnamwita kulungu, sawa, lakini wa huko na wa huku si ndugu. Sisi tukisema kulungu ni pongo, yule wa msitu wa Ngurdoto, na ni wa ukoo mwingine kabisa. Ukoo wa huyo Madoa Afrika nzima asili yake ni kaskazini tu, kama Algeria na Tunisia. Ndiye ayala tunayemsoma kwenye Zaburi, nami miaka yote nilidhani ni swala. Pongo pembe zake zikiota zimeota, anakufa nazo. Wa Pennsylvania wanazidondosha kila mwaka wakati wa baridi, na masika yenu zinaanza kuota nyingine, zimevikwa ngozi yenye manyoya laini kama kitambaa cha mahameli. Mgeni mmoja wa huko niliyempandisha mlima alinionyesha picha, ameokota pembe shambani kwake kama sisi tunavyookota maparachichi. Nilidhani ananitania.

Nakueleza haya ya pembe kwa sababu. Shika kichwa cha huyo mtoto taratibu, pitisha kidole juu ya macho, mbele ya masikio. Ukisikia vinundu viwili, au alama mbili manyoya yamejizungusha, hilo ni dume. Na ukiona hapana, bado mtazame kwingine, hujashindwa kujua dume wewe, umekulia kwenye zizi.

Dume likilelewa kwa chupa halijui kuwa ni kulungu, mama. Linajua kuwa ni mtu. Kulungu wa porini akifika Novemba, wakati wao wa kupandana, atatafuta madume wenzake wapimane nguvu. Huyu wa kwenye kapeti atamtafuta nani? Hana woga unaomfukuza, na anaowaona kuwa wenzake ni ninyi. Mwaka 2019, mwezi wa nne, huko Australia, mtu aliuawa na dume la kulungu alilolifuga mwenyewe, asubuhi, akilipelekea chakula. Mkewe alikwenda kumwokoa naye akajeruhiwa vibaya. Hakuwa mgeni kwa yule mnyama, alikuwa ndiye mlishaji wake. Baraka ana miaka minne. Dume la kulungu likiinamisha kichwa, ncha za pembe ziko kimo cha uso wa Baraka. Nimepima kwa mkono hapa kwenye mlango.

Utasema wewe baba ulimpenda Jirani. Nilimpenda. Wewe ulikwenda shule, mimi ndiye nilibaki naye. Alikuwa anazijua hatua zangu kwa vile viatu vya matairi. Nikivaa vya Jumapili alikuwa ananikimbia hadi nizungumze, halafu anarudi pole pole kama mtu aliyeona haya. Jioni nikitoka kukamua alikuja kunilamba kiganja kwa ajili ya chumvi ya jasho, ulimi wake wa moto, mkavu kidogo, na pua yake ya baridi inanigusa hapa kwenye mshipa. Mtu mzima nikawa nasimama tu, ndoo mkononi, maziwa yanapoa. Kwato zake kwenye saruji ya jikoni usiku nazisikia hata leo mvua ikianza kudondoka kwenye bati.

Na alipoanza kupiga migomba kwa pembe, kuichana magamba mpaka utomvu unatiririka, nilicheka. Nilimwita mama yako aje atazame Jirani anavyocheza. Miezi mizima nilisema anacheza.

Bibi somo yako hakuteleza mtoni. Wewe ulikuwa Moshi kwa shangazi, likizo. Asubuhi ile alikuwa amempa Jirani ndizi mbili mkononi, akala. Mchana bibi akainama kukata majani ya ng'ombe. Pembe ikaingia paja, ndani huku. Zahanati nilisema ni ng'ombe, kwa sababu kufuga mnyama wa porini bila kibali hata hapa ni kesi, na kila mtu aliitikia ng'ombe. Jirani hakurudi msituni kama tulivyokuambia. Panga lilikuwa langu. Nyama hatukula, bibi alikataa hata mbwa wasipewe. Akasema wewe usiambiwe, na ile hadithi ya kuteleza alikuwa anaisimulia vizuri mno, hata jiwe alikuwa analitaja ni lipi. Umelirukia jiwe lile miaka yote ukiogopa.

Basi nimesema. Ni dume au jike?

Mambo ya nyumbani. Sikitu amezaa, dume tena, tutaliuza kabla ya Desemba. Alipata ndigana mwezi wa tano tukadhani tunampoteza, daktari wa mifugo alichoma sindano mbili na pesa yake utaiona kwenye hesabu. Ni kupe hao, kwa hiyo mkague Baraka kila jioni, nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti, kwenye nywele. Kupe wa huko wengine ni wadogo kuliko punje ya ufuta, na wana ugonjwa wa Lyme, ambao Pennsylvania ni miongoni mwa majimbo yanayougua sana. Mtoto analalia kapeti moja na mnyama wa porini na ninyi mnapiga video.

Pesa ya bati ulizotuma Machi, bati hazijanunuliwa. Kulikuwa na mchango wa harusi ya mtoto wa mjomba wako, kamati ilinipangia kiwango bila kuniuliza, na mimi ni mzee wa ukoo, ningesema nini. Nilitaka nizirudishe kwa kahawa kabla hujajua. Kahawa itaanza kuiva mwezi ujao, siyo mbaya mwaka huu.

Mdogo wako amefaulu. Tunakushukuru, bila wewe asingekuwa chuoni, nalisema kwa kila mtu hapa ila kwako nachelewa kulisema. Pasaka lakini hukupiga simu. Mama yako alikaa nayo mkononi hadi saa nne usiku. Najua unalea wazee wa watu usiku kucha, najua. Dakika tano.

Yule mgeni wa Pennsylvania aliniambia jambo jingine. Jumatatu moja baada ya ile sikukuu yao ya Shukrani, shule nyingi za vijijini hufungwa ili watu waende kuwinda kulungu. Yeye mwenyewe alianza na babu yake akiwa na miaka 12. Mtu mwema kabisa, alimlilia mbwa wake aliyemwacha nyumbani. Sasa fikiria Madoa akiwa ni jike, salama, hana pembe, umemlea vizuri, amekuwa mkubwa amerudi msituni. Madoa yenyewe yatakuwa yamefutika kabla ya theluji, hutamtambua. Anamwona mtu anakuja na fulana ya rangi ya chungwa. Wenzake wote wanakimbia. Yeye anamfuata mtu yule, anadhani ni Baraka.

Kwa hiyo hata akiwa jike, mrudishe.

Baraka atalia. Mwache alie, usimwambie ameteleza mahali. Mwambie babu amesema mama yake Madoa amekuja kumchukua, na mkae dirishani jioni mtazame, pengine mtamwona kweli anakuja. Wanakuja jua likizama. Mkimwona, nipigie hata kama huku ni usiku wa manane.

Mama yako amesoma haya akiwa amesimama nyuma yangu. Anasema ile aya ya bibi niifute, nitakuumiza bure ukiwa mbali. Sijaifuta. Anauliza pia kama lile koti lake la sufi ulilipata, na dawa zake za presha zimebaki za wiki mbili. Pesa tuma kwa namba ya mdogo wako, laini yangu wameifunga, wanataka niende na alama za vidole.

Baba yako