Usiiuze Ile Seagull ya Mjomba

Tanga

Ndugu yangu Salim,

Assalaam aleikum. Picha zako nimezipata, nikazitazama hadi shemeji yako akaniuliza kama nimetumiwa posa. Yule mnunuzi wa vyuma chakavu mwambie arudi alikotoka. Hiyo mashine ni British Seagull, injini ya boti ya kufungwa nyuma ya chombo, na kwa tangi lile la shaba na flaiwili (lile gurudumu zito linalozunguka) iliyo wazi juu, ni ya zamani hasa. Ukoo wake ulianzia Wolverhampton mwaka 1931 kwa jina la Marston Seagull, kisha ukahamia Poole, kusini mwa Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali yao iliagiza maelfu kwa ajili ya jeshi la majini. Utengenezaji ulikoma mwaka 1996, lakini vipuri bado vinauzwa kulekule Uingereza, vipya na vilivyotumika.

Sasa nisikilize, maana najua mikono yako haitulii. Usianze kwa kuvuta kamba. Mashine iliyolala ghalani miaka yote hiyo ringi zake zimeshikana na silinda, na ukiilazimisha utazivunja. Fungua plagi, mimina oili nyepesi kwenye tundu lake, iache siku kadhaa, kisha zungusha flaiwili kwa mkono polepole. Ikigoma, ongeza oili uende zako msikitini. Bolti za kichwa cha silinda ndizo za kuogopa zaidi: chumvi imezila, na zikikatikia ndani utamtafuta fundi wa kuchomelea mji mzima. Zipashe moto kidogo, zilegeze, zikaze, zilegeze tena.

Halafu spana. Hizi zako za milimita hazitakaa vizuri, zitakula pembe za nati. Seagull ilifungwa kwa vipimo vya Kiingereza vya zamani, Whitworth na jamaa zake. Waulize mafundi wazee wa reli au wa viwanda vya katani huku kwetu. Wengine bado wana seti kamili kwenye makopo yao na hawajui wa kumpa.

Moto wa plagi unatoka kwenye magneto, kifaa kinachozalisha umeme wake chenyewe chini ya flaiwili, betri haihitajiki. Nati ya katikati ukiifungua italegea, kisha itakaza tena. Usidhani imeharibika: hapo ndipo inapoanza kuivuta flaiwili yenyewe itoke, basi endelea. Ndani utakuta pointi, vile vipande viwili vidogo vinavyogusana na kuachana, zimeota kutu. Zisugue kwa msasa laini sana, zifute, na nafasi yake ikiwa wazi kabisa iwe nusu milimita. Mara nyingi hiyo tu inatosha kurudisha cheche. Ikishindikana, badilisha kondensa kabla hujailaumu koili.

Kabureta ni kitu cha mchana mmoja. Fungua, osha kwa petroli, zibua jeti kwa pumzi au unywele wa brashi, kamwe si kwa waya. Na kile kiskrubu cha kifuniko cha tangi kifunguliwe kila unapowasha, hewa iingie. Kikifungwa, mashine itazima katikati ya mkondo na utasema ina jini.

Ninalotaka ulishike zaidi ya yote ni oili. Vijana wa bandarini watakuambia uchanganye kama wanavyochanganya kwenye Yamaha zao. Kataa! Hizi za zamani zilitengenezwa kwa sehemu 10 za petroli kwa 1 ya oili, yaani mililita 100 katika kila lita. Krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, haikukaa kwenye beringi za kisasa zenye sili, imekaa kwenye bushi za shaba, na ile oili nyingi ndiyo inayoziba nafasi ili mgandamizo wa ndani ya kasha la krenki usivuje. Ukiipunguza, bushi zitalika, na mashine itakuwa ngumu kuwaka kila mwezi unaopita. Seagull za miaka ya mwisho zinakubali 25 kwa 1, ila kabureta yake ni nyingine. Moshi utakuwepo, na utando wa mafuta juu ya maji pia. Kwa hiyo, tafadhali, usiipeleke kwenye matumbawe wala usiifanye ya kazi za kila siku. Ni ya kutokea Ijumaa jioni.

Giaboksi inataka oili nzito, namba 140. Ile ya zamani ikitoka nyeupe kama tui usishtuke, maji huingia humo kwa kawaida; mwaga, jaza mpya. Pangaboi halina pini ya kukatika, limeshikwa na springi nene, nayo ikiwa imeliwa na kutu badilisha.

Ijaribu kwenye pipa lililojaa maji, na uhakikishe unayaona maji yakirudi nje kutoka kwenye silinda. Yasipotoka, zima mara moja. Njia zake zimeziba kwa chumvi, ziloweke kwa siki. Ukiwa kwenye dau kumbuka nyingi hazina gia ya kupumzika: ikiwaka tu, chombo kinaondoka. Na kikoi ukifunge vizuri, ile flaiwili haina kifuniko.

Rangi usiiguse. Wewe unapenda kila kitu king'ae, nakujua, lakini mikwaruzo ile ni ya mjomba.

Kabla hujaagiza chochote, safisha pale kwenye kasha la krenki palipogongwa herufi na namba, unipigie picha. Bila hizo utaletewa vipuri vya mashine nyingine, na ushuru utaulipa bure. Nikipata nafasi baada ya Idi nitavuka na boti nije na spana za Whitworth, ila chakula cha mchana ni juu yako.

Wasalimie watoto na bibi.

Wako,
Hamadi