Bei za vipuri vya baiskeli za kale zimezidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie bei za vipuri vya baiskeli za kale katika minada ya mtandaoni, ambazo zimepanda kiasi kwamba mtu anayetaka tu kuirudisha baiskeli yake barabarani hushindana na wanunuzi wanaotaka vipuri hivyo vikae kabatini. Kinachoniuma zaidi ni wauzaji wanaonunua baiskeli nzima, wakaifungua na kuuza kibadilisha gia chake cha Nuovo Record cha kampuni ya Kiitalia ya Campagnolo, aina iliyotoka mwaka 1967, kivyake, na krenki zake (vyuma vinavyobeba pedali) kivyake, kwa kuwa vipande hivyo huleta fedha nyingi kuliko baiskeli yenyewe. Mwenye fremu ya zamani ya Kifaransa huteseka zaidi, maana hesi (mizunguko ya skrubu) za vikombe vinavyoshika ekseli ya krenki zina kipenyo cha milimita 35, na vikombe vya Kiingereza haviingii humo.

Tena picha hupigwa kwa mbali, ilhali krenki hizo za Campagnolo zinajulikana kwa kupata ufa kwenye shina la mikono inayoshika gurudumu la meno. Waendesha minada wawalazimishe wauzaji kuonyesha sehemu hiyo kwa karibu, na kutaja vipimo vya hesi kabla dau la kwanza halijapokelewa.

Wako,
Mpenzi wa baiskeli za kale