Somo, Nimewaona Nyumbani Kwao

Liwale,
14 Oktoba 2024

Kwako somo yangu,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, hofu ni kwenu, hasa kwa mama, maana uliniandikia kuwa miguu imeanza tena kumsumbua. Leo ni Siku ya Nyerere. Banda langu la picha nimelifunga, nimekaa chini ya mwembe na daftari, nikujibu lile neno ulilonitumia mwezi jana nikashindwa kulijibu kwa simu.

Uliniuliza: "Unawezaje kuwapiga picha simba, wale waliomchukua mjomba?"

Nimelala na swali hilo, nimeamka nalo. Mjomba wako ndiye aliyetufundisha sisi wawili baiskeli kwenye ule mteremko wa kisimani. Siwezi kukujibu kwa maneno mawili. Nitakusimulia nilichokiona, halafu utaamua mwenyewe.

Mwezi wa tisa nilikaa siku sita ndani ya Hifadhi ya Taifa Nyerere, upande huu wa Liwale. Ni pori lile lile ambalo wazee wetu waliliita Selous. Tangu 2019 sehemu kubwa ya kaskazini, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, imekuwa hifadhi ya taifa, na kusini kumebaki pori la akiba. Tulikuwa watatu kwenye gari: dereva, askari wa wanyamapori na mimi. Miombo ilikuwa imeanza kutoa majani mapya, yale mekundu yanayotangulia mvua, ukitazama kwa mbali utadhani msitu unawaka. Na mbung'o! Nilivaa shati la bluu kwa ujinga wangu. Mbung'o wanapenda bluu na nyeusi, walinitoboa mpaka nikavimba mikono.

Siku tatu hatukuona simba. Tuliona nyati, pofu, nyayo kwenye mchanga, basi. Usiku tuliwasikia. Simba akinguruma usiku mtulivu sauti inafika kilomita 8, na kifua chako kinaipokea kabla ya sikio. Askari alisikiliza akasema hao ni wa nyumba moja wanaitana, kwa sababu huyu akinyamaza yule anaitika, na tangu walipoanza walikuwa wakisogeleana.

Siku ya nne alfajiri tukawakuta kwenye korongo la mchanga, penye dimbwi lililobaki. Majike watano. Dereva alizima injini mbali kidogo, upepo ukitoka kwao kuja kwetu, na hatukufungua mlango wala kusema kwa zaidi ya saa moja. Lenzi yangu ya milimita 400 ni ile niliyonunua kwa pesa ya ufuta baada ya mnada wa mwaka jana. Mkononi inatetemeka, kwa hiyo nimeshona kifuko cha kanga kuukuu nikakijaza choroko. Nakilaza kwenye dirisha la gari, lenzi inatulia juu yake kama mtoto mgongoni. Flashi siitumii kamwe. Mwanga wa saa moja asubuhi unatosha, na ukikosa kutosha, basi picha hiyo haikuwa yangu.

Mwanzoni niliona simba tu, wote sawa. Ilinichukua asubuhi nzima kuacha kuwaona hivyo. Ukitazama juu ya masharubu ya simba kuna vidoa vyeusi vidogo vimepangwa kwa mistari, na mpangilio wake haufanani kwa simba wawili; tena haubadiliki tangu utotoni mpaka kufa. Watafiti huwatambua kwa vidoa hivyo. Nami nilichora kwenye daftari, upande wa kulia na wa kushoto wa kila mmoja. Mmoja sikio lake la kushoto lina pengo. Mwingine pua yake imeshakuwa nyeusi karibu yote, maana pua ya simba huzaliwa ya waridi na huingia weusi kadiri anavyokula miaka, kwa hiyo huyo nilimchukua kuwa ndiye mkubwa wao. Nikishayajua hayo, kamera ikaanza kufanya kazi nyingine. Sikuwa tena napiga picha ya simba; nilikuwa nasubiri yule mwenye pengo afanye jambo.

Watoto walitoka jua lilipopanda. Saba, wa umri wa namna mbili: wanne wakubwa kiasi cha mbwa, watatu wadogo bado wana madoa ubavuni kama chui. Wakawavamia wale majike, na sasa sikiliza, somo, hapa ndipo nilipoishusha kamera. Hawakuchagua. Mtoto alimwendea jike yeyote aliyelala ubavu akanyonya, akitoka kwa huyu anakwenda kwa yule. Majike wa kundi moja ni mtu na dada yake, mtu na bintiye, mtu na binti wa dada yake, na mara nyingi huzaa kwa kukaribiana ili watoto walelewe pamoja. Kwa lugha yetu wale wote ni mama: mama mkubwa, mama mzazi, mama mdogo. Mwenye pua nyeusi aliwalamba watoto ambao sidhani hata mmoja alikuwa wa kumzaa.

Na jike huzaliwa, hukua na mara nyingi hufia kwenye ukoo wa mama yake. Dume akifika miaka miwili au mitatu huondoka, kwa hiari au kwa kufukuzwa, akatembea huko duniani na ndugu zake wa kiume mpaka wapate nyumba ya wengine. Madume unaowakuta kwenye kundi wametoka kwingine. Wewe ni Mmwera, mtoto wa kwetu anahesabiwa kwa mama, na mume ndiye aliyekuwa akihamia kwa wakwe. Nilikaa garini nikawaza kwamba miaka yote tumemwita simba mfalme na kumtazama dume mwenye manyoya shingoni, kumbe nyumba ni ya hawa.

Madume wawili walikuja jioni. Watoto waliwakimbilia, wakajisugua vichwa chini ya kidevu chao. Ndiyo salamu yao. Mmoja alikunja uso, akaonyesha meno, mtoto akalala chali, basi yakaisha. Kesho yake waliua nyati, nikaona dume lile lile likimpiga kofi jike aliyesogea, lakini mtoto akaachwa ale karibu na mdomo wake.

Sikufichi upande wa pili. Madume hao wataimiliki nyumba hiyo miaka miwili au mitatu, halafu watakuja wengine wenye nguvu, na wageni wakishinda huwaua watoto wachanga waliowakuta ili majike warudi haraka kwenye joto na kuwazalia wao. Majike hupigana kuwatetea, na mara nyingi hushindwa. Kwa sababu hiyo na kwa njaa, watoto wengi wa simba hawaifikii miaka miwili. Niliwatazama wale saba nikijua hivyo, na ilikuwa vigumu kuwapiga picha wakicheza.

Jike wa tano ndiye ninayetaka kukueleza. Tangu asubuhi ile alikuja kunywa maji peke yake, chuchu zimejaa, halafu anapotea kichakani. Askari alisema huyu amejifungua karibuni. Mimba yao ni siku 110 hivi, na akikaribia kuzaa hujitenga, hukaa na watoto mafichoni wiki kama sita kabla ya kuwaleta kwa wenzake, na huwahamisha kila baada ya siku chache ili harufu isijae mahali pamoja na kuwaita fisi. Siku ya tano jioni akatoka kichakani na kitu kinaning'inia mdomoni. Ni mtoto, macho yake hata hayajafunguka vizuri, amemshika kwa ngozi ya shingo kwa meno yale yale. Akavuka mbele yetu kama hatua ishirini. Katikati akasimama akanitazama. Nilibonyeza mara moja tu. Mkono ulitetemeka, choroko ndizo zilizoiokoa picha.

Na hapo, somo, nilimkumbuka mjomba. Sikukumbuka mauti yake. Nilikumbuka yaliyofuata.

Unakumbuka tulivyosema? Tulisema simba yule hakuwa simba, ametumwa. Tulimtaja yule mzee jirani aliyekuwa amegombana na mjomba kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mimi pia nilisema. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na nililisema kisimani mbele ya watu, kwamba nimemwona akitoka nje usiku. Sikuwa nimemwona. Mzee alihama bila kuvuna muhogo wake, akafia kwa bintiye ugenini. Sijawahi kukueleza jambo hili.

Simba aliyemchukua mjomba alikuwa na mama aliyembeba hivi. Alikuwa na vidoa vyake juu ya masharubu. Hakuna mzee aliyemtengeneza.

Kwa nini alikuja basi? Hili nalo nimelisoma vizuri, kwa ajili yako. Mwaka 2005 watafiti, miongoni mwao Craig Packer na Mtanzania mwenzetu Dennis Ikanda, walitoa hesabu: kuanzia 1990 hadi 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 nchini na kujeruhi zaidi ya 300, na wilaya za Lindi zilikuwa kati ya zilizoumia zaidi. Matukio yalizidi wakati wa mavuno, Machi hadi Mei, na mahali ambapo wanyama wa kawaida wa kuwindwa wamekwisha lakini nguruwe pori wamebaki wengi. Nguruwe huja kula mahindi na mpunga usiku, simba humfuata nguruwe. Na mtu naye, kwa kuwa shamba ndilo chakula cha mwaka mzima, hulala shambani kuamia, kwenye dungu la fito na nyasi. Simba anamtafuta nguruwe, anamkuta mjomba. Mwezi ulikuwa wa nne, mpunga unaiva, na dungu lake halikuwa na ukuta. Tulikuwa tunayajua yote hayo na bado tukamtafuta mchawi.

Watafiti hao hao baadaye walipima na mwezi. Simba hupata chakula kidogo zaidi usiku wenye mbalamwezi, kwa sababu mawindo huwaona. Kwa hiyo siku zinazofuata mwezi mpevu, jua likishazama na mwezi haujatoka, giza lile la mapema ndilo lililoua watu wengi. Nakuandikia hili leo makusudi. Mwezi unajaa Alhamisi hii. Najua si msimu wa mpunga, lakini korosho zinaokotwa na kaka zako wanalala mashambani. Waambie kuanzia Ijumaa, kwa wiki nzima, wawe wameingia dunguni kabla ya magharibi. Wazibe ubavu wote kwa miti, si nyasi. Na mtu asitoke peke yake kwenda haja.

Sikuombi uwapende. Mtu hawezi kuombwa hivyo. Mimi mwenyewe nikisikia mngurumo bado mgongo unaingia baridi, na simba akiingia kijijini nitapiga simu kwa askari waje haraka kama mtu mwingine yeyote. Lakini nataka picha hizi zionekane huku kwetu kabla hazijaonekana Dar es Salaam. Wiki iliyopita nilizisafisha baadhi, nikazibandika ukutani bandani. Mzee mmoja wa Kingindo alisimama mbele ya ile ya majike wakinyonyesha kwa muda mrefu. Akaniuliza kama ni kweli mtoto yule ananyonya kwa asiye mama yake. Nikamwambia ni mama yake mdogo. Akacheka, kesho yake akarudi na mkewe.

Nataka pia kwenda kwa binti wa yule mzee. Nimeulizia, nimeambiwa bado yupo kijiji kile kile. Kuna neno langu la kisimani ambalo lazima nikalirudishe mwenyewe, kwa mdomo wangu. Ningependa twende wote, ila ukisema huwezi nitakwenda peke yangu.

Ndani ya bahasha nimekutilia picha tatu. Mbili zitazame wakati wowote, umwonyeshe na mama: watoto wanaocheza na mkia, na majike wamelala. Ya tatu nimeifunga kwenye karatasi peke yake. Ni yule jike na mtoto mdomoni, ananitazama. Usiifungue mpaka moyo wako ukubali, na ukikataa kabisa, nirudishie, sitauliza kitu.

Bahasha nampa kondakta wa basi usiku huu, ameniahidi ataikabidhi stendi. Mwambie mama nimemwekea asali ya Liwale lita moja, itakuja na mtu wiki ijayo.

Ni mimi somo yako