Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, picha za bahari iliyopanda zipimwe kabla hazijabandikwa

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam,

Tunakuandikia sisi wapiga picha na wapima ardhi wa jiji hili. Picha iliyohaririwa kwa kompyuta humwonyesha mwananchi bahari itakapofika vizuri kuliko hotuba yoyote, na tunaomba ofisi yako iruhusu picha hizo zibandikwe Feri na kwenye vituo vya mwendokasi. Ila ziwekewe masharti. Picha inayoizamisha Sanamu ya Askari hadi kofia hutisha siku moja. Watu wakigundua imetiwa chumvi, hata tahadhari ya kweli hawaiamini tena.

Vipimo vipo. Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, inakadiria kwamba kufikia 2100 usawa wa bahari duniani utakuwa umepanda sentimita 28 hadi 55 hewa chafu ikipunguzwa sana, na 63 hadi 101 ikizidi kuongezeka, ukilinganisha na wastani wa 1995–2014.

Makosa mengi huanzia kwenye kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, yaani siku bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya maji hapa kwetu hupita mita 3. Ukipiga picha maji yamepwa kisha ukaongeza nusu mita, Feri itaonekana salama kabisa. Kamera isimamishwe kwenye stendi siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa, na zichomekwe fito tatu, karibu, katikati na mbali, zilizopakwa nyekundu na nyeupe kila sentimita 10. Mhariri ahesabu mistari ya kila ufito kuanzia maji yalipogusa, kwa kuwa ulio mbali huonekana mfupi. Anayepima kwa ufito wa karibu peke yake huyapandisha maji kupita kiasi kule nyuma.

Jangwani ni habari nyingine. Pale mafuriko huletwa na mvua na Mto Msimbazi, maji ya kahawia yenye tope na taka. Kubandika pale maji ya buluu ni kuwapotosha wakazi kuhusu chanzo cha hatari yao.

Maneno PICHA ILIYOHARIRIWA, mwaka na sentimita yaandikwe katikati ya picha yenyewe. Maelezo ya chini hupotea ikirushwa WhatsApp, na ya pembeni hukatwa. Picha halisi ikae ubavuni. Na zisitolewe masika wala Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza kimbunga, zisije zikadhaniwa ni taarifa ya siku hiyo.

Tunaomba ofisi yako iteue afisa wa kutunza picha halisi pamoja na vipimo vyake, ili mwananchi yeyote mwenye shaka aweze kuvikagua.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wapiga picha na wapima ardhi, Dar es Salaam