Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Bado Naiweka Mbele Civilization VI

Mwanangu mpenzi,

Natumaini umzima na masomo yanaendelea vizuri. Sisi huku hatujambo, na baba yako anakusalimu sana. Nimesoma ujumbe wako uliosema kwamba tangu uanze kucheza mchezo wa kompyuta wa Civilization VII huoni tena sababu ya kuirudia Civilization VI, ambayo tumeicheza pamoja tangu ukiwa sekondari, ukaniuliza kama nami naona hivyo. Hapana, sioni hivyo, lakini sitaki kukujibu kwa mkato, kwa sababu nami nimeicheza hiyo mpya vya kutosha kuujua uzuri wake, na kwa sababu ninaamini kwamba mchezo wa historia unamfundisha mtu namna ya kuitazama historia, apende asipende.

Michezo yote miwili imetoka katika studio moja ya Firaxis, na Ed Beach aliyeongoza usanifu wa toleo la sita ndiye pia aliyeongoza ubunifu wa hili la saba. Toleo la sita lilitoka Oktoba 2016. Ndani yake unachagua taifa na kiongozi wake, unaanza mwaka 4000 kabla ya Kristo ukiwa na walowezi na askari mmoja, na taifa hilohilo unalilea, zamu kwa zamu, hadi karne ya 21. Toleo la saba, lilivyotoka Februari 2025, liliing'oa nguzo hiyo. Historia imegawanywa katika zama tatu, yaani za kale, za safari za baharini na za kisasa, na kila zama zinapokwisha unaliacha taifa ulilolijenga na kuchagua lingine, huku kiongozi wako peke yake akibaki yuleyule. Tofauti nyingine zote unazozisifu, kuanzia picha nzuri za miji hadi mazungumzo ya kidiplomasia, ni ndogo mbele ya hii.

Mimi naipenda ile ya zamani kwa sababu haisahau. Chukua Kongo, taifa ulilolipenda kuliko yote. Kiongozi wake, Mvemba a Nzinga, aliyebatizwa kwa jina la Afonso na kutawala katika nusu ya kwanza ya karne ya 16, amewekewa sharti gumu: hawezi kujenga eneo takatifu wala kuanzisha dini yake, ila hupokea dini inayofuatwa na miji yake mingi, pamoja na manufaa aliyoyachagua mwanzilishi wa dini hiyo. Mfalme huyu aliupokea Ukristo uliokuja na Wareno, kisha mwaka 1526 akamwandikia mfalme wa Ureno kulalamikia biashara ya watumwa iliyokuwa ikiwamaliza watu wake. Mtu anayejua habari hizo anaona mara moja kwamba waliotunga sharti lile walikuwa wamesoma kwanza. Halafu kuna mbanza, mtaa wa makazi wa Wakongo, ambao haujengwi mahali popote isipokuwa penye msitu. Msitu huohuo unaweza kuukata mapema, ukapata nguvu kazi ya kumalizia jengo papo hapo. Utakumbuka jinsi ulivyokuwa ukinihimiza, "Mama, tukate tumalize," nami nikikuzuia, kwa sababu kila kipande cha msitu kinachokatwa zama za mwanzo ni nafasi ya mbanza iliyopotea, na mji uliokua haraka hujikuta karne nyingi baadaye hauna pa kuwaweka watu wake. Hakuna tangazo linalokuonya. Unakuja kuliona mwenyewe, na aliyekata ni wewe, wala si mtu mwingine aliyetawala kabla yako.

Nyongeza iliyotoka Februari 2019 ilizidisha jambo hilo. Makaa ya mawe unayoyachoma ili viwanda vyako viwashinde majirani yanaongeza joto la dunia, barafu inayeyuka, bahari inapanda, na ardhi ya chini ya pwani, ambayo pengine uliichagua mwanzoni kabisa kwa sababu ya samaki na rutuba, inaanza kufurika. Unaweza kujenga kuta za kuzuia maji, nazo ni ghali. Sijaona mchezo mwingine unaomfikishia mchezaji hesabu ya matendo yake kwa subira namna hiyo.

Hata hivyo ninakubaliana nawe kwamba toleo la sita lina ugonjwa wake, na kwamba la saba limejaribu kwa dhati kuutibu. Mara nyingi mshindi anajulikana kabla mchezo haujafika nusu, na kinachobaki ni kubonyeza tu, zamu baada ya zamu, ukimhamisha kila askari peke yake na kumwelekeza kila mfanyakazi shamba lake. Majemadari wa toleo la saba wameiondoa adha hiyo: jemadari mmoja anakusanya vikosi vyake, anavisafirisha kwa pamoja na kuvipanga tena uwanjani, kisha ujuzi anaoupata vitani anavuka nao hadi zama zinazofuata. Wafanyakazi wameondolewa, kwa kuwa mji wenyewe unapanuka na kuendeleza ardhi kadiri watu wanavyoongezeka. Miji midogo nayo inaweza kuachwa ipeleke chakula kwa miji mikubwa bila kukudai uamuzi kila zamu. Hayo ni maendeleo ya kweli, na nikirudi kwenye ile ya zamani ninayakosa.

Pia wazo lenyewe la kubadili taifa si la kipuuzi. London ilianzishwa na Warumi, ikaja kuwa ya Wasaksoni, kisha Wanormani wakaitwaa. Hakuna taifa moja lililoishi pale tangu mwanzo hadi leo bila kubadilika. Watengenezaji walitaka mchezo uonyeshe matabaka hayo, nami kama mwalimu wa historia siwezi kuwalaumu kwa nia hiyo.

Ninacholalamikia ni namna wanavyotuvusha. Zama zinapokaribia mwisho, misukosuko inaanza, iwe tauni, uasi au uvamizi, na unalazimishwa kuchukua sera za kukuumiza. Sehemu hiyo ni nzuri sana, kwa sababu unahisi dola ikiyumba. Kisha zama zinafika mwisho na, kwa jinsi mchezo ulivyotoka, kila kitu kinakatwa. Vita vinasimama hata kama ulikuwa umebakiza siku chache kuuteka mji. Miji yako, isipokuwa mji mkuu, inarudi kuwa miji midogo. Askari wengi wasio na jemadari wa kuwabeba wanaondolewa, na majengo mengi ya zamani yanapoteza sehemu kubwa ya faida yake. Mpinzani aliyekuwa akizama naye anapewa nafasi ya kupumua. Wanaousifu mpango huu wanasema unarudisha ushindani, na ni kweli unaurudisha, lakini unaurudisha kwa kufuta madeni. Katika historia tunayoijua, kuanguka kwa dola hakujawahi kufuta madeni ya mtu. Waliobaki waliyarithi, pamoja na ardhi iliyochoka na majirani wenye kinyongo, na urithi huo ndio toleo la sita linaokuachia mikononi.

Sasa nije kwenye Buganda ya toleo la saba, kwa sababu najua ndiyo iliyokuvuta. Nami nilifurahi mno kuiona. Kulikuta Ziwa la Kabaka, lile lililochimbwa pale Mengo kwa amri ya Kabaka Mwanga katika miaka ya 1880, likiwa kitu unachoweza kukijenga mwenyewe kwenye ramani, na kuliona kaburi la Muzibu Azaala Mpanga la Kasubi likihesabiwa miongoni mwa maajabu ya dunia pamoja na piramidi, ni heshima iliyokawia kufika. Jengo hilo liliungua Machi 2010, na anayejua jinsi mafundi walivyohangaika kulirudisha, kwa matete na nyasi na kwa kufuata miiko ya koo zao, hawezi kulitazama kwenye skrini kwa macho makavu.

Lakini itazame nafasi yenyewe waliyopewa. Mchezo ulipotoka, Buganda ilipatikana katika zama za kisasa tu. Ufalme ule ulikuwa umeota mizizi kaskazini mwa Ziwa Nyanza, yaani Viktoria, karne kadhaa kabla wafanyabiashara wa Pwani hawajafika katika jumba la Kabaka katikati ya karne ya 19, na kabla Stanley hajayaona mwaka 1875 makundi ya mitumbwi ya vita ya Mutesa; kuuingiza mchezoni katika zama hizo pekee ni kusema kwamba ulianza kuishi pale wageni walipouona. Anayetaka kubaki Afrika katika zama zote tatu anaweza kuanza na Aksum, akawa Songhai, kisha akamalizia na Buganda. Aksum ilitazama Bahari ya Shamu, Songhai ilitawala kwenye mto Niger hadi ilipopigwa na jeshi la Moroko mwaka 1591, na Buganda iko kwenye Ziwa Viktoria. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyomrithi mwenzake kwa damu, kwa lugha wala kwa ardhi. Kinachoziunganisha ni jina la bara. Linganisha na China, ambayo imepewa Han, Ming na Qing, au India yenye Maurya, Chola na Mughal, ambako mchezaji anaona nchi moja ikigeuka na kugeuka. Najua kwamba Misri nayo imefungiwa zama za kale, na kwamba nafasi haziwezi kumtosha kila mtu. Hata hivyo mtoto wa Kampala atakayejifunza kutoka kwenye mchezo huu kwamba babu zake walikuwa Wasonghai atakuwa amefundishwa vibaya, na mchezo ulio mzuri kwa mambo mengine utakuwa umechangia.

Kwa upande wetu wa Pwani, toleo la sita lilitutendea kwa uangalifu zaidi, ingawa halikutupa taifa la kuchezwa. Zanzibar imo kama mji huru wa biashara, na anayeifadhili, kwa kuipelekea wajumbe wasiopungua 3 na kuwazidi wenzake wote, ndiye peke yake anayepata karafuu na mdalasini, bidhaa ambazo hazichimbwi wala hazilimwi mahali pengine popote kwenye ramani. Kilwa Kisiwani nayo ni ajabu linalojengwa ufukoni, na anayelimaliza anazawadiwa wajumbe 3 papo hapo na kunufaika zaidi na urafiki wake na miji huru. Huo ndio uliokuwa utajiri wa Kilwa: mahusiano, na kukaa mahali ambapo pepo za kaskazi na kusi zinakutanisha watu. Katika zama za safari za toleo la saba, hazina iko katika nchi za mbali, na alama zinatafutwa kwa kuvuka bahari, kuhamia huko na kurudi nyumbani na misafara ya merikebu. Ni mchezo wa kusisimua, sikatai, lakini sisi ndio tuliokuwa nchi ya mbali ya mtu mwingine, na sheria zile zinamweka mchezaji upande wa anayekuja kuchukua. Ukitaka kuzicheza zama hizo kwa jicho jingine, mchague Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, awe kiongozi wako. Yeye alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akashuka pwani, akala na wenyeji, akaondoka na habari, na uwezo aliopewa mchezoni umejengwa juu ya kuona mbali na kubadilishana ramani.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ukitaka kuhisi jinsi dola zinavyotikisika, na kama muda wako ni mfupi, cheza la saba. Zama moja inajitosheleza na unaweza kulala ukiwa umemaliza kitu. Ukitaka kujifunza kubeba ulichokitenda, rudi kwenye la sita, hasa pamoja na nyongeza zake mbili kubwa. Rafiki yako unayesema anataka kununua la saba kwa bei kamili, ambayo lilipotoka ilikuwa karibu dola 70 za Marekani, mshauri asubiri punguzo na kwanza aijaribu kompyuta yake, kwani la sita linakubali mashine dhaifu zaidi.

Ukifunga chuo njoo na kompyuta yako. Nimehifadhi mchezo mmoja wa Kongo ulio katikati, Zanzibar ikiwa chini ya ufadhili wa mpinzani aliyetuzidi wajumbe 2, na Kilwa Kisiwani bado haijajengwa na mtu yeyote. Nataka uniambie ungefanya nini.

Mama yako akupendaye.